Karatasi gani ya kuprintia picha za kuuza, idumu bila kugeuka manjano hapa pwani?

LenziYaKusi

Salaam wakuu.

Nina picha 24 za milango ya kuchonga, ya Lamu na ya Mji Mkongwe. Kumi na mbili za rangi, kumi na mbili nyeusi na nyeupe. Nataka kuziprinti A3+ (milimita 329 kwa 483), nakala 10 kila moja, zenye sahihi na namba. Sita zitatundikwa mapokezi ya hoteli moja ufukweni, ukumbi unaotazama bahari, milango wazi kutwa. Nyingine zitauzwa kwa wageni watakaoondoka nazo.

Printa ni Epson L1800, ile ya matangi ya rangi sita. Karatasi inayopatikana hapa bila kuagiza ni ya kung'aa, gramu 230, na pakiti imeandikwa "acid free" na "archival". Nyeupe pepepe, macho yanaipenda.

Je, inatosha kwa mtu anayelipa pesa ya maana akitegemea picha ibaki ilivyo miaka 50? Au ni lazima pamba 100%? Na nikiagiza pamba, itapita kwenye L1800 ikatoka vizuri?

---

wino_na_pamba

Mkuu, umeulizia karatasi, lakini kitakachokuangusha kwanza ni wino.

L1800 inatumia wino wa dai: rangi imeyeyuka ndani ya maji kabisa, kama chai. Wino wa pigimenti ni chembe ngumu zinazoelea, kama tope jembamba sana. Mwanga au ozoni (gesi ya hewani inayokula rangi) ikiigonga molekuli ya dai, rangi hiyo imekwenda. Ikiigonga chembe ya pigimenti, inakula ganda la juu na ndani bado kuna rangi. Ndiyo maana picha zinazouzwa kwa namba na sahihi huprintiwa kwa pigimenti.

Halafu tazama tabaka la juu la hiyo karatasi ya gramu 230. Inakauka papo hapo, sivyo? Basi ni tabaka la vinyweleo: wino unazama kwenye vitundu vidogo mno na kukaa humo. Vitundu hivyo havizibiki wino ukikauka, hivyo hewa inaingia na kutoka. Dai ndani ya vinyweleo, bila kioo mbele, inapauka hata mahali pasipo jua. Mwaka 2000 printa moja ya dai iliyosifiwa sana iliharibikiwa jina kwa hili hili: picha zilizobandikwa wazi ziligeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki chache, na mchawi akaonekana ni ozoni iliyokuwa inakula sayani (buluu ya printa) na kuacha majenta (pinki iliyokolea) na manjano. Ozoni haitoki mbali: moshi wa magari ukipigwa na jua, mashine za fotokopi, na baadhi ya mashine za "kusafisha hewa" wanazoweka hotelini.

Kwa picha zako nyeusi na nyeupe hali ni mbaya zaidi. L1800 ina mweusi mmoja tu, kwa hiyo kijivu inakitengeneza kwa kuchanganya rangi. Sayani ikitangulia kufa, kijivu kinakuwa chekundu-chekundu. Printa kama Epson SC-P700 ina mweusi, kijivu na kijivu hafifu kama wino tofauti, na ukichagua njia ya nyeusi na nyeupe kwenye draiva (programu inayoiongoza printa), rangi zinatumika kidogo sana. Mweusi wa pigimenti ni kaboni, yaani masizi, na masizi hayapauki.

Sasa karatasi yenyewe. "Acid free" inakwambia tu kwamba siku ilipotoka kiwandani haikuwa na asidi. "Archival" haina mwenyewe, kila kiwanda kinaiandika kinavyotaka. Tafuta namba: ISO 9706. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya karatasi ya kudumu, inadai pH (kipimo cha asidi) kati ya 7.5 na 10, akiba ya chokaa (kalsiamu kaboneti) isiyopungua asilimia 2 ili ile asidi itakayoingia baadaye ipate cha kuila, na lignini (gundi ya asili ya mti) iwe ndogo kabisa. Lignini ndiyo inayofanya gazeti lililoachwa dirishani ligeuke manjano kwa siku tatu.

Karatasi ya kung'aa kama yako mara nyingi ni kiini cha karatasi kilichobanwa katikati ya ngozi mbili za plastiki. Si mbaya kwa albamu ya harusi. Kwa miaka 50 siwezi kuisemea.

Na huo weupe pepepe uutilie shaka. Chukua tochi ya zambarau wanayotumia mawakala kukagulia noti bandia, uimulike karatasi ndani ya chumba cha giza. Ikiwaka buluu kama kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, ina ving'arishi, kemikali zinazokamata miale ya UV (mwanga usioonekana kwa macho) na kuitoa kama mwanga wa buluu. Ni kemikali za ukoo mmoja na zile za kwenye sabuni. Zinachoka. Zikichoka, karatasi inarudi kwenye rangi yake ya asili, ya maziwa, na kwa kuwa picha ilipangwa rangi juu ya weupe ule, kuta zote nyeupe zinahamia umanjano. Wateja husema karatasi imeoza. Haijaoza, imevuliwa koti.

Zisizo na ving'arishi, za pamba: Canson Infinity Rag Photographique gramu 310 (mati, yaani isiyong'aa, laini), Canson Infinity Platine Fibre Rag gramu 310 (ya mng'ao wa hariri), Hahnemühle William Turner gramu 310 (mati, ya mikunyo-mikunyo). Epson wana Hot Press mbili: Natural haina ving'arishi, Bright inavyo. Photo Rag 308 ya Hahnemühle, inayosifiwa kila mahali, inavyo kidogo. Kidogo si dhambi, lakini ujue.

Kuhusu kupita: Photo Rag 308 ina unene wa karibu nusu milimita. L1800 inavuta kutoka nyuma na kuipinda karatasi njiani, hivyo tarajia rola kuteleza na kichwa kukwangua kingo. Na hata ikipita, dai juu ya mati ya pamba inatoa mweusi uliokufa. Usijaribu pia kumimina wino wa pigimenti wa chupa za bei nafuu kwenye L1800 iliyokuwa na dai. Printa ikikaa wiki mbili bila kazi, chembe zinatuama na matundu ya kichwa yanaziba.

Nakala 240 usiziprinti kwa mpigo. Printi mbili mbili kila picha, nyingine kadiri zinavyouzwa. Kama huwezi kununua printa sasa, peleka kazi kwa mtu mwenye ya pigimenti, na uulize jina la wino na jina la karatasi kabla ya kuuliza bei.

---

BaritaMweusi

Nakubaliana na mengi hapo juu isipokuwa hili la pamba, ambalo limekuwa kama dini. Selulosi ya mti iliyosafishwa vizuri, ile wanayoiita alfa-selulosi, ikiwa na chokaa na haina lignini, inafaulu ISO 9706 bila shida. Pamba inashinda kwenye uimara wa nyuzi: kukunjwa, kushikwashikwa, kuraruka. Picha iliyomo ndani ya fremu haikunjwi.

Jambo ambalo mwuliza swali hajaambiwa ni kwamba milango yake ina giza. Mbambakofi na msaji uliozeeka, uchongaji wa kina, misumari ya shaba. Mati inaishia weusi wa 1.6 au 1.7 hivi ukipima kwa densitomita, kifaa cha kupimia weusi. Karatasi ya barita inapita 2.2. Hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama jicho litaona ua lililochongwa ndani ya kivuli cha kizingiti, au litaona bamba jeusi. Barita ni tabaka la bariamu salfeti chini ya tabaka la wino, teknolojia ile ile ya karatasi za chumba cha giza za zamani. Mfano ni Canson Baryta Photographique II gramu 310, ya alfa-selulosi. Ving'arishi ipo navyo, kidogo.

Mimi ningegawa. Milango yenye giza kwenye barita au Platine. Zile zenye ukuta mkubwa wa chokaa, mwanga mlaini, kwenye mati. Onyo: barita inakwaruzika. Kucha moja ikipita kwenye mweusi, mstari unaonekana mpaka mwisho wa ukumbi. Na ukiiweka nyuma ya kioo cha kawaida kinachoakisi, nusu ya faida ya ule weusi umeitupa.

---

LenziYaKusi

Asanteni sana. Nimeimulika kwa tochi ya wakala wa jirani. Inawaka kama taa ya disko, mbele na nyuma.

Kazi nitaipeleka kwa mwenye SC-P700. Sasa naomba mnisaidie mawili. Zile sita za hotelini, niwaambie zitadumu miaka mingapi? Na unyevu je? Hapa kipimo cha ukutani kinasoma asilimia 78 hadi 85 miezi ya masika.

---

wino_na_pamba

Usiwaambie miaka. Waambie mwanga.

Wanaopima, kama Wilhelm Imaging Research wa Marekani, wanatangaza miaka kwa kudhani picha iko kwenye lux 450 (lux ni kipimo cha mwanga unaoifikia picha) kwa saa 12 kila siku. Fanya hesabu: 450 × 12 × 365 ni karibu lux-saa milioni 2 kwa mwaka. Kwa hiyo "miaka 100" kwenye jedwali lao maana yake ni picha kuvumilia lux-saa milioni 200 hivi kabla mabadiliko hayajaonekana waziwazi. Huo ndio mfuko wako wa mwanga, na unautumia haraka au polepole.

Ukumbi ulio wazi upande wa bahari unaweza kuwa na lux 2,000 ukutani kutwa. Hiyo ni milioni 8.8 kwa mwaka, mfuko unakwisha kwa miaka 22 au 23. Ukuta unaopigwa na jua lenyewe la jioni, tuseme lux 50,000 kwa saa moja na nusu, unakula milioni 27 kwa mwaka, na miaka 100 inakuwa saba. Na hapo bado sijahesabu UV.

Nenda na simu yenye programu ya kupimia lux, iweke pale pale fremu itakapokaa, uso ukitazama nje ya ukuta, upime saa 3 asubuhi, saa 6, saa 9 na saa 11 jioni. Simu haipimi sawasawa, lakini itakuonyesha ukuta upi ni lux 300 na upi ni 5,000, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi ni kuhama mita nne kutoka mlangoni. Kioo cha kuzuia UV kinasaidia, hasa kwa karatasi yenye ving'arishi, ila mwanga unaoonekana nao unapausha na hakuna kioo kinachouzuia ukabaki unaona picha. Makumbusho huweka vitu dhaifu kwenye lux 50.

Kwa hoteli hiyo, chagua karatasi isiyo na ving'arishi kabisa, na uwauzie kwa makubaliano kwamba picha zinazokaa mapokezi zinahamishiwa korido kila baada ya muda.

---

fundi_fremu_ukuta

Unyevu niachieni mimi, maana ndio unaoleta picha nyingi mezani kwa fundi kuliko jua.

Kuvu inaanza kuota unyevu ukikaa juu ya 65 au 70, na karatasi ya sanaa ni chakula chake: wanga, jelatini, nyuzi. Wewe uko 80. Kwa hiyo kabla ya kuprinti, boksi la karatasi likae kwenye mfuko wake wa plastiki, ndani ya kasha la plastiki lenye mpira wa kufunga, pamoja na silika jeli (punje zile za kwenye maboksi ya viatu, lakini nunua za kilo) na kipima unyevu kidogo. Lenga 40 hadi 50. Usikaushe mpaka 25, karatasi inajikunja na tabaka la juu linaweza kupasuka. Punje zikibadilika rangi, ziweke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, zinarudi kazini.

Karatasi iliyotoka chumba cha AC usifungue mfuko wake palepale kwenye joto. Inatoka jasho kama chupa ya soda. Iache imefungwa mpaka ipate joto la chumba, saa kadhaa, usiku kucha ndiyo bora. Kinachotokea ukifanya haraka: kingo zinanyonya maji kabla ya katikati, zinajikunja juu, kichwa cha printa kinazigonga, na unapata mistari myeusi kwenye pembe. Fundi wa printa atakwambia kichwa kimeharibika. Karatasi ndiyo iliyolowa.

Kwa pamba kuna vumbi. Kabla ya kuiingiza, ishike wima, uipige kidole nyuma mara mbili, kisha upitishe brashi laini ya manyoya upande wa kuprintia kuelekea chini. Usipofanya hivyo, uzi mdogo wa pamba unabaki juu, wino unatua juu ya uzi, uzi unaanguka kesho yake, na pale kwenye mlango mweusi pana nukta nyeupe ndogo kama chembe ya chumvi. Haifichiki.

Huna hakika upande wa kuprintia ni upi? Lowesha ncha ya kidole kidogo, bonyeza pembe ambayo utaikata. Upande wenye tabaka unanata.

Kwenye draiva, aina ya karatasi lazima iwe ile iliyotajwa na profaili ya ICC ya karatasi hiyo (faili inayoiambia printa jinsi ya kutoa rangi juu yake). Kwa mati ya pamba kwa kawaida ni Velvet Fine Art, inaita wino mweusi wa mati. Kwa barita ni moja ya zile za Luster, inaita wino mweusi wa picha. Ukikosea, mweusi wa picha juu ya mati unatoka kijivu, na mweusi wa mati juu ya barita unatoka kama masizi ya sufuria, ukigusa unabaki kidoleni. SC-P700 ina matundu ya kila mweusi peke yake, hakuna wino unaopotea kwa kubadilisha kama kwenye zile za nyuma.

Ikitoka, ilaze bapa dakika 20, kisha funika kwa karatasi nyeupe ya kawaida isiyong'aa, saa 24. Karatasi ya juu ikijikunja mawimbi, weka nyingine. Inavuta glikoli, vile vimiminika vinavyochelewa kutoka kwenye wino. Ukiwahi kutia kwenye fremu, baada ya mwezi utaona ukungu ndani ya kioo wenye umbo la picha yenyewe.

Fremu: kioo kisiguse picha. Picha ikigusa kioo kwenye unyevu huu inagandana nacho, na kuibandua ni kuichana. Weka kadi ya dirisha (iliyokatwa katikati ili picha ionekane) isiyo na asidi, au vijiti pembeni, ipatikane nafasi ya milimita 3. Picha ishikwe kwa bawaba mbili juu tu, za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Sehemu nyingine ining'inie huru, kwa sababu pamba inatanuka na kusinyaa kila msimu. Ukiigandisha pande nne inafanya matumbo. Selotepu marufuku: gundi yake inapenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Nyuma usiweke hadibodi wala MDF, zinatoa asidi.

Ziba nyuma yote kwa tepu, lakini siku kavu au ndani ya chumba chenye AC. Ukifunga siku ya mvua umeufungia unyevu ndani na picha. Halafu bandika vipande vya kizibo kwenye pembe nne za nyuma, fremu isilale ukutani. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini, zinatema nyuma ya fremu, na mchwa nao wanapita humo humo.

---

Muscat_Printi

Nyongeza kutoka Oman, kwa watakaouza picha huku. Shida yetu ni kinyume: ndani AC inakausha, nje pwani ni mvuke, na picha inahamishwa kati ya hayo mawili mara kwa mara. Pamba ya gramu 310 iliyobanwa vibaya inapinda ikarudi, ikapinda ikarudi, mpaka tabaka la mati linaanza kupasuka kwenye kingo. Bawaba mbili na nafasi ya milimita 3 aliyoitaja fundi ndiyo dawa. Na msikunje picha kwenye mrija mwembamba kwa safari ya ndege. Mrija uwe na kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uso wa picha ukitazama nje, karatasi laini isiyo na asidi juu yake.

---

LenziYaKusi

Shukrani, fundi na wote. La mwisho: nikitaka kuhakikisha mwenyewe kabla ya kuagiza pakiti kubwa, kuna jaribio la nyumbani? Na sahihi nitie kwa kalamu gani?

---

wino_na_pamba

Lipo, na linahitaji subira tu. Printi ukanda mmoja wenye miraba ya sayani, majenta, manjano, mweusi, kijivu cha asilimia 50, rangi ya ngozi, na sehemu isiyo na wino. Kata vipande vinne kutoka ukanda uleule. Cha kwanza weka ndani ya kitabu, kabatini. Cha pili bandika dirishani ndani ya kioo, nusu yake ukiifunika kwa karatasi ya alumini mbele na nyuma. Cha tatu kitundike ukutani bila kioo, mbali na jua, mahali penye upepo. Cha nne ukuta uleule, ndani ya fremu yenye kioo. Andika tarehe nyuma ya kila kimoja.

Miezi mitatu baadaye viweke pamoja chini ya mwanga wa mchana. Cha dirishani kinakuonyesha mwanga: tazama kwanza sehemu isiyo na wino, mpaka wa alumini utauona kama mstari ikiwa ving'arishi vimekufa. Tofauti ya cha tatu na cha nne ni hewa, yaani ozoni na gesi nyingine. Tazama sayani na kijivu. Printi ukanda mwingine kwa L1800 yako kwenye ile karatasi ya gramu 230, uukate vivyo hivyo, uviweke vipande sambamba. Hutasubiri miezi mitatu kuona kinachotokea kwa kile kisicho na kioo.

Sahihi: penseli ya HB au 2B, kwenye ukingo wa chini nje ya picha, kwenye mati au nyuma ya karatasi ya pamba. Si biki, si maka pen. Wino wake ni dai na unapenya mpaka mbele. Kwenye barita penseli inateleza, hapo tumia kalamu ya wino wa pigimenti yenye ncha ya 0.1, iache ikauke dakika kumi. Nyuma andika pia jina la karatasi, jina la wino na mwezi ulioprinti. Nakala ya saba ikiagizwa baada ya miaka minne, utahitaji kujua ya kwanza ilikuwa juu ya nini.